China unaruhusiwa kulalamika, ila peke yako: habari, chama na mwananchi (uzi mrefu)

Mzigo wa Xiaobei (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi mwingine jamaa aliandika kwamba China "hakuna anayefungua mdomo". Nikaanza kumjibu palepale, jibu likawa refu kuliko uzi wenyewe, nikaona bora nilihamishie huku. Nimeishi Guangzhou tangu 2014 hadi Machi 2020, mwanzo nikiwa mwanafunzi, baadaye wakala wa mizigo ya watu wa Kariakoo. Kichina changu ni cha sokoni, lakini kusoma najikongoja.

Wachina wanalalamika balaa. Bei ya nyumba, ada, hospitali, ofisa wa mtaa anayekula rushwa, vyote vinasemwa. Kuna namba ya simu ya serikali za miji, 12345, unapiga kusema taa ya barabarani imekufa au jirani anatoboa ukuta usiku. Mama mmoja wa ghorofa ya chini yangu, mtu mzima wa miaka sabini hivi, alikuwa anaipiga kama sisi tunavyompigia mtu wa gesi. Anaweka sauti kubwa, anataja jina lake kamili, anaomba namba ya shauri, anaiandika nyuma ya kalenda. Siku tatu zikipita kimya, anapiga tena na kuisoma ile namba tarakimu moja moja, kama anamsomesha mtoto hesabu. Tovuti ya Renmin Ribao, gazeti la chama lenyewe, ina ubao wa kuwaandikia viongozi wa mikoa tangu 2006. Na wanajibu.

Sasa kinachobanwa ni kipi? Kwa nilivyoona mimi: sauti inayopanda juu, mmoja mmoja, inapita. Sauti inayokwenda pembeni, mwananchi kwa mwananchi, "jamani tukutane saa nane pale," hiyo ndiyo inakatwa. Yule mama na 12345 yake hana shida na mtu. Angewakusanya majirani ishirini mbele ya ofisi ya mtaa kwa taa ileile, hadithi ingekuwa nyingine.

Nitaleta mifano. Tuanze na hoja kwanza, povu baadaye.

Kijiwe Nongwa

Mkuu, hii chai. Nchi ya chama kimoja, taarifa ya habari moja saa moja jioni kila siku, halafu unatuletea simu ya taa za barabarani ndiyo uhuru?

Mzigo wa Xiaobei

Umenichekesha na hilo neno. Kwetu chai ni uongo. Kule ukisikia mtu "amealikwa chai" ujue polisi wamempigia aende wakazungumze. Hakuna hati wala mashtaka, na kikombe kweli kinaletwa. Anarudi nyumbani jioni, kesho yake akaunti yake imepoa.

Sijasema ni uhuru. Nimesema tuelewe mtambo unavyofanya kazi.

Hiyo taarifa ya saa moja unayoitaja ni Xinwen Lianbo ya CCTV, televisheni ya taifa, ipo tangu 1978, nusu saa. Kiongozi fulani amepokea wageni, mavuno ni mazuri, huko nje kuna vita na mafuriko. Sikuwahi kumkuta kijana anaikodolea macho. Lakini wafanyabiashara wakubwa wanaiangalia, maana ukihesabu nani katajwa kwanza na sera gani imerudiwa mara tatu, unajua benki zitafungua mkono wapi.

Na kuna sehemu ya kazi ya habari ambayo msomaji haioni kabisa. Mwandishi wa Xinhua, shirika la habari la serikali, akienda mkoani anaandika habari ya gazetini, na akikuta uozo anaweza kuandika ripoti nyingine ya ndani, neican, inayokwenda kwa viongozi tu. Kwa hiyo mwandishi yuleyule ni tarumbeta mbele ya umma na jicho la wakubwa nyuma ya pazia. Beijing iko mbali na wilaya, na watu wa wilaya wanadanganya ripoti zao kama popote duniani. Mkubwa asipokuwa na mtu wa kumnong'oneza, atatawala akiwa kipofu.

Binti Makorora

Naomba mfano ambao habari ilibadilisha kitu kweli. Na siyo taa.

Mzigo wa Xiaobei

Dada, mfano ninao, na ni wa mji wangu.

Machi 2003. Kijana anaitwa Sun Zhigang, miaka 27, mhitimu wa chuo kutoka mkoa wa Hubei, mchora michoro kwenye kampuni ya nguo Guangzhou. Hajamaliza hata mwezi mjini. Tarehe 17 jioni anatoka kwenda kwenye mkahawa wa intaneti, polisi wanamdaka. Hana kibali cha makazi ya muda. Wakati huo kulikuwa na kanuni ya 1982 iliyoruhusu kumkamata mtu wa mkoani asiye na karatasi, kumweka kituoni na kumrudisha kwao. Ndani ya nchi yake mwenyewe! Tarehe 20 akafariki akiwa mikononi mwao. Familia ikaambiwa ni ugonjwa.

Gazeti la hapohapo, Nanfang Dushi Bao, likachimba. Uchunguzi wa mwili ulionyesha alipigwa. Wakachapa tarehe 25 Aprili. Tovuti zikaidaka, nchi nzima ikasoma, maana kila familia ya kijijini ilikuwa na kijana mjini asiye na kibali. Mei wasomi watatu wa sheria wakaandika barua kwa Bunge la Umma wakisema kanuni hiyo inapingana na katiba. Juni serikali ikatangaza kuifuta, na kuanzia tarehe 1 Agosti 2003 ikawa haipo tena. Kanuni ya miaka ishirini na moja ikaondoka ndani ya miezi minne na ushee.

Mwaka uliofuata mhariri wa gazeti hilo, Cheng Yizhong, akakamatwa. Akakaa ndani miezi mitano, akatoka bila mashtaka. Meneja wa gazeti, Yu Huafeng, akafungwa kwa kosa la fedha hadi 2008. Kanuni ilifutwa na Beijing, waandishi wakashughulikiwa na mkoa, Guangdong. Aliyeaibishwa ni ofisa wa mkoani, na huyo hasahau.

Mwana wa Pwani Raha

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi nataka kumuuliza mleta mada: kwani hawa watu hawakuwahi kukusanyika na wakasikizwa?

Mzigo wa Xiaobei

Waalaykum salaam sheikh. Wamewahi. Xiamen, 2007, mji wa pwani kama kwenu. Kulikuwa na mpango wa kujenga kiwanda cha kemikali iitwayo PX karibu na makazi. Meseji za simu zikazunguka mji mzima: tarehe 1 Juni twende "tukatembee". Hawakuandika maandamano, waliandika matembezi. Maelfu wakatoka siku mbili mfululizo, na kweli walitembea. Mradi ukahamishiwa Gulei, huko Zhangzhou, mkoa uleule. Huko Gulei kiwanda kikalipuka 2013 na tena 2015. Watu wa Xiamen walipona, lakini hatari ilikwenda kwa wavuvi ambao hawakuwa na meseji za kutumiana.

Kijiwe Nongwa

Hapo umeandika kitu. Lakini bado nakutilia shaka, unasifia sana. Isije ikawa umelipwa senti hamsini zako.

Mzigo wa Xiaobei

Hahaha, kumbe unaifahamu! Kwa wasioifahamu: wumao, "mao tano", nusu yuan, ndilo tusi la mtu anayedhaniwa analipwa kwa kila maoni ya kuitetea serikali. Mwaka 2017 Gary King wa Harvard na wenzake walitoa utafiti kutokana na barua pepe zilizovuja za ofisi moja ya wilaya ya Zhanggong, mkoa wa Jiangxi. Wakakadiria maoni milioni 448 kwa mwaka kwa nchi nzima, na walioonekana kuyaandika wengi ni watumishi wa serikali tu, tena kama sehemu ya kazi zao. Cha kushangaza ni yaliyomo. Hawabishani na mtu. Watu wakianza kuwaka, wao wanaleta sifa za mashujaa wa taifa, heri ya sikukuu, tujivunie mji wetu. Mada inazama yenyewe. (Humu ndani tunaofanya hivyo bure tupo wengi.)

Kabla ya hapo, 2013, walewale walifuatilia tovuti karibu 1,400 waone kipi kinafutwa. Kuisema vibaya serikali peke yake hakukuongeza sana uwezekano wa andiko kufutwa. Kilichofutwa ni dalili ya watu kukusanyika, hata kama andiko lenyewe linaisifu serikali. Mfano wao ninaoupenda ni chumvi. Baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima mwaka 2011, uvumi ulizuka Zhejiang kwamba chumvi yenye madini joto inakinga mionzi, watu wakakimbilia madukani. Maandiko ya chumvi yakafyekwa. Hayakuwa na siasa hata chembe. Yalikuwa na watu wengi wanaokwenda mahali pamoja.

Tukuyu Express

Siti ya mbele nishachukua. Ila mleta mada, hiyo picha yako ni ya zamani. Mimi nimesoma Beijing 2015 hadi 2019, zama za Rais Xi Jinping. Februari 2016 alitembelea Renmin Ribao, Xinhua na CCTV siku moja, akasema vyombo vya habari vya chama lazima viwe na jina la ukoo "Chama". Tajiri mmoja wa majumba, Ren Zhiqiang, akauliza kwenye Weibo, mtandao wa kijamii wa Kichina: tangu lini serikali ya umma imekuwa serikali ya chama? Alikuwa na wafuasi milioni 37. Akaunti ikafutwa. Mwaka 2020, baada ya kuandika waraka mwingine mkali, akafungwa miaka 18, kwa rushwa wakasema. Huyo alimkusanya nani?

Na usisahau 2013: mahakama zilitoa tafsiri kwamba andiko la kashfa likisomwa mara 5,000 au kusambazwa mara 500, unaweza kufungwa hadi miaka mitatu. Yaani kadiri unavyopendwa ndivyo unavyokaribia jela.

Mzigo wa Xiaobei

Mkuu, nakubali, na umenikaba. Utafiti wa akina King ulichukua data za 2011, Weibo ikiwa na miaka miwili tu. Zile zilikuwa siku nyingine. Treni ya Wenzhou ilipogongwa Julai mwaka huo, watu 40 wakafa, na siku iliyofuata msemaji wa wizara ya reli akaulizwa kwa nini wamefukia behewa. Akatoa maelezo, kisha akasema mkiamini msiamini ni juu yenu, yeye anaamini. Kauli hiyo ikawa mzaha wa taifa zima, ikatungiwa vichekesho kwa wiki kadhaa. Magazeti yaling'olewa kurasa usiku kabla ya kuchapwa, lakini Desemba ripoti ya serikali ikakiri kasoro za mitambo na usimamizi, ikataja maofisa 54, na 2013 wizara yenyewe ikavunjwa. Leo mzaha wa ukubwa ule usingefika jioni.

Hata hivyo mtazame Ren vizuri. Alikuwa mwanachama mwenye jina, mwenye watu milioni 37 wanaomsikiliza kwa wakati mmoja. Kwa macho ya mkubwa, hadhira ya namna hiyo ni mkutano wa hadhara ambao haujapewa uwanja.

Binti Makorora

Na yule daktari wa Wuhan aliyetahadharisha kuhusu korona je? Yule aliandika kwa wenzake tu.

Mzigo wa Xiaobei

Huyo niliishi habari yake.

Li Wenliang, daktari wa macho. Tarehe 30 Desemba 2019 aliandika kwenye kundi la wanachuo wenzake la WeChat (WhatsApp ya Wachina) kwamba kuna wagonjwa wenye kitu kama SARS, wajilinde na familia zao. Tarehe 3 Januari akaitwa polisi, akapewa karatasi ya onyo. Picha yake ilisambaa na mimi ninayo bado. Chini kuna maswali mawili yamechapwa kwa mashine: unaweza kuacha? Umeelewa? Yeye amejibu kwa mkono: naweza, nimeelewa. Juu ya kila jibu kuna alama ya dole gumba, wino mwekundu. Mtu mzima, daktari, anajibu kama mwanafunzi wa darasa la tatu aliyekutwa anaongea darasani.

Usiku wa Februari 6 tulikuwa tumejifungia ndani. Kundi letu la wakazi wa jengo kwa kawaida lilikuwa la mboga: nani analeta kabichi, nani ana barakoa za ziada. Saa nne na kitu mtu akaweka mshumaa. Mwingine mshumaa. Ikaja habari kwamba amefariki, ikaja kwamba bado wanamhangaikia, mpaka alfajiri hospitali ikathibitisha. Mimi sijawahi kuona Wachina namna ile. Yule mama wa 12345, ambaye hajawahi kuandika chochote zaidi ya bei ya mayai, akaandika maneno mawili tu: naweza, nimeelewa. Watu wakayarudia chini yake mmoja baada ya mwingine, skrini nzima. Msimamizi wa kundi, kijana wa watu, akaweka ua na ombi: wazazi na ndugu, tafadhali turudi kwenye mboga. Sikumlaumu. Tangu Oktoba 2017 kanuni inamfanya msimamizi wa kundi awajibike kwa yanayoandikwa humo.

Andiko la mwisho la Li kwenye Weibo, la Februari 1, halikufungwa. Watu wakaligeuza mahali pa kwenda kumsalimia, maoni zaidi ya milioni. "Daktari, leo nimefaulu mtihani." "Daktari, mke wangu ameondoka." Serikali ikamtangaza shujaa, polisi wakaifuta karatasi ya onyo na kuomba radhi kwa familia. Lakini ukitazama, pale kila mtu anaongea na marehemu, hakuna anayeongea na jirani yake. Labda ndiyo maana pameachwa.

Linganisha na Ai Fen, mkuu wa idara ya dharura wa hospitali ileile. Machi mahojiano yake kwenye jarida la Renwu yalifutwa siku hiyohiyo. Basi watu wakayaandika upya: kutoka mwisho kwenda mwanzo, kwa vikatuni vya simu, kwa alama za Morse za telegrafu, kwa herufi za kale za kwenye mifupa. Kila moja likifutwa linazaliwa lingine. Hapo hawakuwa wakilalamika kwenda juu tena. Walikuwa wanapokezana, kama watu wa zamu wanaobeba jeneza.

Mchumi wa Ngara Nairobi

Niongeze ya huku. CCTV ilifungua kituo chake cha Afrika hapa Nairobi Januari 2012, mwisho wa 2016 kikageuka CGTN. Redio yao ya Kiswahili ilianza 1961, na FM yao ya kwanza nje ya China ilikuwa hapahapa, 2006. Sisi tunapewa barabara, reli, wanawake wa mkoko wanaofuga kaa. Si uongo, mradi upo na kaa wapo. Lakini mtangazaji Mkenya akihojiana na waziri wetu, lile swali la pili unalolingoja halifiki.

Tukuyu Express

Huku Bongo wengi waliijua China kwa ile tamthilia ya mama wakwe iliyotiwa Kiswahili, TBC 2011. Xi mwenyewe aliitaja kwenye hotuba yake Dar, Machi 2013. Sasa ukitaja kaa mbele ya Mchina mkumbuke kwamba "kaa wa mtoni" ni jina la mzaha la ufutaji wa maandiko, kwa sababu linatamkwa kama "maelewano", kauli mbiu ya enzi za Hu Jintao, aliyemtangulia Xi. Andiko likifutwa wanasema limekaaliwa. 😂

Mjasiriamali Msimbazi

Nilikuwepo Guangzhou Aprili 2020 wakati Waafrika wanatolewa majumbani kwa hofu ya korona. Nililala nje usiku mbili na kibali changu halali mfukoni, hoteli ya tatu ikanionyesha mlango. WhatsApp ya nyumbani inawaka moto, mabalozi wa Afrika wameiandikia wizara ya mambo ya nje barua kali, mimi namwonyesha rafiki yangu Mchina, ananiuliza kwa upole kabisa: hizi video ni za wapi? Za mtaa wake mwenyewe, dakika kumi kwa baiskeli.

Mzigo wa Xiaobei

Pole sana kaka. Nilikwepa hiyo kwa wiki tatu tu.

Nimalizie na mbili.

Januari 2022, wilaya ya Feng, Jiangsu. Mtu wa video za mtandaoni anakwenda kumrekodi baba wa watoto wanane, kwenye kibanda cha uani anamkuta mama yao amefungwa mnyororo shingoni, baridi kali. Nchi ikalipuka. Wilaya ikatoa taarifa moja, ikaipinga kwa nyingine, mpaka mkoa ukaingilia na kuwaadhibu maofisa 17. Unaona: kelele zimefika juu, wadogo wamekatwa. Lakini wanawake wawili walioacha simu wakafunga safari kwenda kumwona yule mama wakakamatwa.

Novemba mwaka huo Urumqi, jengo likaungua, watu 10 wakafa kwa hesabu ya serikali, na wengi wakaamini vizuizi vya korona ndivyo viliwachelewesha kutoka. Siku chache kabla, wilaya ya Haizhu kwetu Guangzhou, pale kwenye mafundi cherehani wa soko la vitambaa ambako nusu ya wateja wangu hununua, vijana wa Hubei walishaangusha vizuizi, na watu wakawa wanatukana Weibo kwa Kikantoni ili mitambo isielewe. Sasa Shanghai watu wakakusanyika barabara yenye jina la Urumqi wakiwa wameshika karatasi nyeupe ya A4. Hakuna neno la kufuta. Tarehe 7 Desemba masharti yakalegezwa nchi nzima, na huku polisi wakiwafuatilia watu kupitia simu zao, wakiwachukua baadhi ya walioshika karatasi. Matakwa yalikubaliwa, waliokusanyika wakaandamwa.

Kijiwe Nongwa

Nafuta neno chai. Nabaki na neno kikombe.

Mjasiriamali Msimbazi

Swali la biashara wakuu. WeChat yangu niliifungua kwa namba ya China, sasa niko Kariakoo natumia ileile kuongea na wauzaji. Nikibadilisha namba niweke ya Bongo, inakuwa salama?

Mzigo wa Xiaobei

Hapana. Watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, walilipima hilo 2016: akaunti iliyofunguliwa kwa namba ya China bara inaendelea kuchujwa hata ukihama nchi na kubadilisha namba. Na ujumbe ukizuiwa huambiwi, kwako unaonekana umekwenda, mwenzako hauoni. Kwa bei za vitenge haina neno. Ukitaka safi, fungua mpya kwa namba ya Bongo, ila utahitaji mtu mwenye akaunti ya siku nyingi akuthibitishe. Nicheki inboksi, nitakufanyia.